Chujio la samaki wa baharini lisichaguliwe kwa kusoma boksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wote walionunua, au wanaokusudia kununua, tangi la kufugia samaki wa maji chumvi. Miaka ishirini iliyopita matangi ya namna hii yalikuwa adimu, lakini sasa hapa Dar es Salaam unayakuta kwenye mapokezi ya hoteli, kwenye migahawa, kwenye kliniki na katika sebule za watu, na mengi kati ya hayo niliyopata kuyakagua yana kasoro moja: fedha imeishia kwenye kioo, taa na samaki wenyewe, kisha chujio likanunuliwa mwisho kwa kufuata idadi ya lita iliyochapishwa kwenye boksi. Idadi hiyo imeua samaki wengi, wakiwamo wangu, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Miezi miwili iliyopita nilimpeleka mjukuu wangu kung'olewa jino katika kliniki moja ya hapa mjini. Mahali pa kusubiria palikuwa na tangi zuri lenye urefu wa sentimita 120, upana 50 na kina 50, yaani lita 300 likijazwa pomoni, na ndani yake walikuwamo samaki saba: kangaja wanne, vikande wawili na bunju mmoja mnene. Wote walikuwa wamepanda juu kabisa ya maji, midomo imeelekea hewani, na vifuniko vya matamvua yao vilikuwa vikifunguka na kujifunga kwa kasi kama mbavu za mtu aliyetoka kupanda ghorofa nne mbio. Mjukuu wangu alidhani wanamsalimia. Maji yalikuwa maangavu kiasi kwamba ungeweza kusoma gazeti lililowekwa upande wa pili wa kioo, na nilipomwambia binti wa mapokezi kwamba samaki wale wanakosa pumzi, alinijibu kwa adabu, "Hapana, mzee, maji yao ni safi. Tumefungiwa chujio la lita 400, kubwa kuliko tangi lenyewe." Simlaumu, kwa kuwa ndivyo walivyoelezwa na aliyewauzia.

Nami niliwahi kuelezwa vivyo hivyo. Mwaka 2009 nilikuwa nikifanya kazi Unguja, nikanunua tangi langu la kwanza la maji chumvi pamoja na chujio la kopo, lile linalofungwa kwa kifuniko na kufichwa kabatini chini ya tangi, likiwa na sponji na vipande vya kauri ndani yake na pampu juu. Kwa miezi michache lilifanya kazi bila tatizo lolote. Kisha Desemba ya mwaka ule umeme ulikatika kisiwa kizima, na haukurudi hadi Machi 2010. Aliyekuwapo Unguja wakati ule hajasahau milio ya jenereta usiku na tabu ya maji ya mabomba. Mimi nilikuwa na jenereta ndogo niliyoiwasha jioni na kuizima tulipokwenda kulala, na kila nilipoiwasha chujio lilianza tena kuvuta maji, nikaamini nimewatimizia samaki wangu haki yao. Siku ya nne niliamka nikakuta wote wamelala ubavu kwenye mchanga. Nilipofungua lile kopo, harufu ya yai viza ilijaa chumba kizima, na maji yaliyomwagika kwenye ndoo yalikuwa meusi. Kila nilipozima jenereta, bakteria waliokuwa ndani ya kopo walimaliza kwa saa chache oksijeni yote iliyofungiwa pamoja nao, wakafa na kuoza, na kila jioni nilikuwa nikiwasha swichi na kuwasukumia samaki uozo ule. Chujio lilikuwa zima, tena la kampuni inayosifika, ila lilikuwa limetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo umeme wake haukatiki, na dukani hakuna aliyenitajia jambo hilo.

Ili mtu achague vizuri, inampasa kwanza kujua chujio linafanya kazi gani. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia hiyohiyo. Katika tangi lenye afya kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Bakteria hao wanahitaji oksijeni, na wanahitaji mahali pa kujishika, liwe jiwe, mchanga, sponji au kauri. Wafugaji wa samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, wanaifahamu habari hii, lakini maji ya bahari yana mambo mawili yanayobadilisha hesabu yote. La kwanza ni kwamba pH ya bahari, yaani kipimo cha asidi na alkali majini, ni takriban 8.2, na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika ile hali inayopenya mwilini mwa samaki. Katika maji yenye pH 7 sehemu hiyo haifiki asilimia 1. Katika maji ya bahari yenye joto letu la nyuzi 28 huwa kati ya asilimia 5 na 10. Kiasi cha amonia ambacho perege bwawani anakivumilia bila kuonyesha dalili kinaweza kumuua kangaja. La pili ni oksijeni. Maji baridi yenye joto la nyuzi 25 hubeba hadi miligramu 8.2 za oksijeni katika kila lita, ilhali maji ya bahari yenye joto hilohilo hayafikishi hata 7, na joto likizidi kiasi hicho hushuka tena. Samaki wa miambani amezaliwa mahali ambapo mawimbi yanachapa maji usiku na mchana, kwa hiyo hakuumbiwa kuvumilia maji yaliyopungukiwa na hewa. Hawa ndio samaki niliowaona kliniki: maji yao yalikuwa maangavu, huku amonia ikiwaunguza matamvua.

Lita zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida humfikiria mtu mwenye tangi la maji baridi, samaki wachache na umeme wa uhakika. Mimi nashauri hesabu ianzie kwenye kijiko cha chakula, kwa sababu karibu amonia yote iliyomo tangini imepitia mkononi mwa anayelisha. Wataalamu wa ufugaji wa samaki wana kanuni ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia: uzito wa chakula cha siku uzidishwe kwa sehemu ya protini iliyomo, kisha uzidishwe kwa 0.092, na jibu ni uzito wa naitrojeni ya amonia itakayotoka. Binti wa mapokezi alinionyesha kijiko cha chai wanachokitumia, viwili vilivyojaa asubuhi na viwili jioni, navyo nilipokwenda kuvipima nyumbani vilikuwa yapata gramu 10 za chembe kavu zenye protini asilimia 40. Hiyo ni gramu 0.37 ya amonia kwa siku. Ukiondoa nafasi iliyochukuliwa na mawe na mchanga, tangi lile lina maji yapata lita 250, kwa hiyo kila siku ya Mungu maji yalikuwa yakipokea karibu miligramu moja na nusu ya amonia katika kila lita, wakati kipimo kinachotakiwa katika tangi la bahari ni sifuri. Chujio lazima liumalize mzigo huo ndani ya siku ileile, na kesho liumalize mwingine. Kwa hiyo mtu akienda dukani amuulize muuzaji chujio hili linamudu gramu ngapi za chakula kwa siku, na kama muuzaji hana jibu, ajue kwamba anauziwa kopo. Tangi lenye bunju na vikande, ambao hula kwa pupa na kutapanya makombo, linataka chujio kubwa kuliko tangi la ukubwa uleule lenye samaki sita wadogo wa mikanda myeupe, wale wanaojificha ndani ya minyiri ya viumbe wa miambani.

Katika tangi la maji chumvi kifaa ninachokitanguliza mbele ya vingine vyote ni skima, yaani mashine inayopuliza mapovu madogomadogo ndani ya bomba pana lililosimama. Ute wa samaki na mabaki ya chakula yana chembe ambazo upande wake mmoja unapenda maji na upande wa pili unayakimbia, na chembe hizo hujinata kwenye ngozi ya povu, zikapanda nalo hadi kwenye kikombe kilicho juu. Kila baada ya siku tatu au nne ninapomwaga kikombe cha skima ya nyumbani kwangu nakuta maji yenye rangi ya chai ya strungi na harufu ya soko la samaki saa nane mchana, na uchafu wote ule kama ungebaki tangini ungekuwa amonia. Sponji hushika uchafu, lakini uchafu uliokwisha kushikwa unaendelea kuoza ndani ya maji yaleyale hadi mtu akumbuke kuuosha. Skima huutoa nje kabla haujaoza, na papo hapo mapovu yake hutia oksijeni majini. Kifaa hiki hakina faida katika maji baridi, kwa kuwa humo mapovu huungana haraka na kuwa makubwa, ilhali chumvi huyazuia yasiungane, na pengine ndiyo sababu maduka mengi ya hapa kwetu, ambayo yamezoea wateja wa maji baridi, hayana skima hata moja kwenye rafu.

Nayo skima ina boksi lake lenye lita zake. Ikiwa samaki ni wengi au ni walafi, mtu achukue inayotajwa kumudu mara moja na nusu hadi mara mbili ya ujazo wa tangi lake, lakini asivuke hapo, maana skima kubwa mno kwa samaki wachache haipati uchafu wa kutosha kulifanya povu lisimame. Aangalie kina cha maji ambacho skima inataka kusimama ndani yake, aghalabu kati ya sentimita 15 na 25, kwa sababu kina kikipungua povu halipandi na kikizidi kikombe hufurika. Tena aifungue pampu yake kwa mikono yake mwenyewe pale dukani, kwa kuwa chokaa na chumvi vitaiziba na itabidi ilowekwe katika siki mara kwa mara. Pampu isiyofunguka kirahisi haitasafishwa, na skima isiyosafishwa haitoi povu.

Skima nyingi zilizo nzuri hukaa katika tangi la pili linalowekwa kabatini, ambako maji huteremka yenyewe kwa bomba la kufurikia na kurudishwa juu kwa pampu. Watu huliogopa tangi hili la chini kwa sababu wamesikia habari za sakafu zilizolowa, na ni kweli sakafu hulowa, lakini chanzo chake ni hesabu ambayo fundi hakuifanya. Tangi la sentimita 120 kwa 50 hupoteza lita 6 kwa kila sentimita moja ya maji inayoshuka. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, maji hurudi chini kwa bomba lilelile la kupandishia mpaka mdomo wake upate hewa. Ikiwa mdomo umezama sentimita 5, lita 30 zitateremka, na kama tangi la chini halikuachiwa nafasi ya lita hizo 30 na ziada, zitaishia kwenye zulia. Mdomo wa bomba uwekwe sentimita moja tu chini ya uso wa maji, na mtu asitegemee vali ya kuzuia maji yasirudi, kwa sababu chembe ya mchanga au konokono mdogo akikwama humo haifungi tena. Kabla fundi hajalipwa, achomoe plagi mbele ya mwenye nyumba, na wote wawili wakae wangoje mpaka maji yatulie. Mimi nimekwisha kuwashauri watu wengi jambo hili, na hakuna aliyelijutia.

Pampu ya kurudisha maji juu inatosha ikipitisha maji ya tangi mara tatu hadi tano kwa saa, lakini kipimo hicho kichukuliwe pale maji yanapotokea. Pampu iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa, ikipewa kazi ya kupandisha maji mita moja na nusu, mara nyingi hutoa kama nusu ya hizo. Msukosuko mkubwa wanaouhitaji samaki wa miambani na matumbawe utolewe na pampu ndogo za mawimbi zilizo ndani ya tangi lenyewe, kwa kuwa hizo hazipandishi maji popote na hutumia umeme kidogo.

Baada ya skima linakuja jiwe, na hapa ndipo ninapoona sisi watu wa pwani tumepitwa na jambo lililo miguuni petu. Mwaka 1961 mfugaji wa Jakarta aliyeitwa Lee Chin Eng alieleza katika jarida moja la Marekani jinsi alivyofuga viumbe wa miambani kwa maji ya bahari, mawe yaliyotoka baharini na mapovu ya hewa, basi. Baadaye wafugaji wa Berlin, Ujerumani, waliyaunganisha mawe hayo na skima yenye nguvu, na mpangilio huo unafuatwa na wengi hadi leo. Jiwe la namna hiyo lina matundu yasiyohesabika: karibu na uso wake wanaishi bakteria wanaoshughulikia amonia na nitriti, na ndani kabisa, oksijeni inapokwisha, wanaishi wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni inayopotelea hewani. Halina pampu, haliungui, na umeme ukikatika halifungi bakteria wake ndani ya kopo, kwa sababu maji yaliyolizunguka yamo wazi.

Simwambii mtu akavunje mwamba. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini walio hatarini, na mvuvi yeyote wa pwani hii atakueleza mwamba uliobomolewa unavyowanyima samaki makazi. Lakini lipo jiwe la matumbawe ya kale linalochimbwa nchi kavu, lile ambalo watu wa Unguja, Pemba na Lamu wamejengea nyumba na misikiti kwa karne nyingi, nalo lina matundu ya kutosha. Linunuliwe likiwa halijawahi kuguswa na saruji wala chokaa, lisuguliwe kwa brashi, lilowekwe kwa wiki kadhaa katika pipa la maji ya bahari lenye pampu huku maji yakibadilishwa, kisha lipangwe tangini kwa namna ambayo maji yanaweza kupita pande zote. Kilo 25 hadi 30 zinatosha tangi la lita 300. Mwanzoni jiwe hilo halina uhai wowote. Kipande kimoja kidogo kutoka kwenye tangi la mwenzako ambalo halina ugonjwa kitaliletea bakteria, kama kitone cha mtindi wa jana kinavyogandisha maziwa ya leo.

Vifaa vingine nitavipitia kwa haraka. Chujio la kunyunyiza maji juu ya mipira ya plastiki, lililovuma sana miaka ya 1980, huondoa amonia vizuri kwa kuwa lina hewa tele, na kwa mwenye samaki kama mkunga au chewa bado nalikubali, mradi ajue kwamba nitrati itajilimbikiza na maji yatapaswa kubadilishwa mara nyingi zaidi. Chujio la kopo lifanywe msaidizi wa kubeba mkaa maalumu unaoondoa rangi na harufu, na lioshwe kila wiki kwa maji yaliyotolewa tangini, kwa sababu klorini ya bombani huua bakteria. Taa ya urujuanimno hupunguza vimelea wanaoelea, lakini haigusi amonia hata kidogo, na nasikitika kuona watu wakiinunua kabla ya skima. Mwani, ukipandwa upande mmoja wa tangi la chini na kuwekewa taa, hufyonza nitrati na fosfati kadiri unavyokua, kisha unavunwa na kutolewa. Akina mama wa Paje na Jambiani kule Unguja, ambako mwani ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, hawahitaji mhadhara wangu kuhusu hamu yake ya kula. Kwa kazi ya tangini nimeona ule wa kijani wa nyuzinyuzi unafaa kuliko ule wa kuuza, ambao hukatikakatika na kuziba pampu.

Nirudi kwenye umeme, kwa kuwa hapo ndipo nilipopotezea samaki wangu. Kila kifaa kina wati zake, na kinakaa kimewashwa saa 24. Pampu ya wati 40 hutumia karibu uniti 29 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye pampu mbili na skima ajumlishe kabla hajanunua, asije akalazimika kuzima kitu usiku ili luku ifike mwisho wa mwezi. Pili, apange ni kipi kitaendelea kufanya kazi umeme ukiondoka. Skima inaweza kusimama kwa siku nzima na samaki wasidhurike, lakini maji yakikosa kutikisika tangi lenye samaki wengi linaweza kuishiwa oksijeni kwa saa chache tu. Nashauri angalau pampu moja ya mawimbi iwe ya volti 12, ili iweze kuunganishwa na betri. Betri ya ampia-saa 50 ina wati-saa 600. Ukitumia nusu yake tu, ili isichakae mapema, itaendesha pampu ya wati 10 kwa saa 30, kimya kimya, bila mafuta wala moshi, hata wakati watu wote wamelala. Laiti ningelijua hilo mwaka 2009 nisingeitegemea jenereta ya jioni.

Maji yenyewe hayahitaji maneno mengi. Anayechota baharini achote maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mitaro, na asichote baada ya mvua kubwa za masika, kwa kuwa maji ya mvua yanayoshuka Msimbazi na kwingineko huleta uchafu ambao hakuna skima itakayouondoa wote. Maji yanayopungua kwa mvuke yajaziwe kwa maji baridi yaliyochujwa, kwani chumvi haipandi na mvuke. Nimewahi kukuta tangi ambalo lilijaziwa maji ya bahari kwa miezi mitatu mfululizo, na konokono wake wote walikuwa wamejifungia ndani ya makombe yao.

Kwa wauzaji wa vifaa hivi nina ombi, nalo nalitoa kwa heshima kwa sababu najua wengi wao wanauza kile walichoagizwa na wateja. Tafadhali bandikeni kwenye kila chujio, kwa Kiswahili, wati linazotumia, kiasi cha maji linachotoa likipandisha mita moja na nusu, na jambo linalolipata umeme ukikatika kwa saa sita. Pia msimuuzie mtu tangi, chujio na samaki siku moja. Bakteria huchukua wiki nne hadi sita kuenea kwenye mawe, na wakati wote huo hakuna chujio, hata lingekuwa la bei gani, linaloweza kuilinda roho ya samaki. Muuzaji atakayemwambia mteja arudi baada ya wiki sita atauza samaki watano watakaoishi, na mteja huyo atarudi tena kununua chakula, mkaa na soksi za chujio, yaani mifuko ya kitambaa ya kuchujia, kwa miaka.

Kliniki ile ilikubali ushauri wangu. Kangaja wawili na bunju waliwahi kuokolewa na sasa wako kwangu Kigamboni. Wengine walikufa wiki ileile. Tangi limefungiwa skima, tangi la chini lenye nafasi ya lita 40, kilo 28 za mawe ya nchi kavu na kipande kimoja cha jiwe kutoka nyumbani kwangu, na hii ni wiki ya tano likizunguka bila samaki. Binti wa mapokezi hutia chembe chache za chakula kila siku, na kila Jumatatu hupima maji na kuandika katika daftari la shule. Jumatatu hii amonia ilikuwa sifuri, na nitriti imeshuka ingawa bado ipo. Watoto wanaosubiri zamu zao humuuliza samaki wamekwenda wapi, naye huwafungulia daftari akawaonyesha namba.

Mfugaji wa samaki wa baharini,
Kigamboni, Dar es Salaam